Alama Mbili za Vilimaina

Mpendwa Shangazi Sereima, naomba unisaidie maana nimefika mwisho, mimi ni mwalimu mstaafu huku visiwani kwetu, Tailevu, miaka thelathini nimefundisha Kiingereza, na nilishikilia kwamba mtu akiorodhesha vitu, tuseme kisu, sufuria na mkeka, lazima kila kimoja kitanguliwe na kile kineno kidogo cha Kiingereza, "a", akikiweka mwanzoni mwa orodha tu nampa sifuri, na ndivyo, miaka kumi na tisa iliyopita, nilivyomkata mwanafunzi wangu Vilimaina alama mbili zikamkosesha chuo cha uuguzi, baba yake akaja kuniomba niitazame tena karatasi nikamjibu, "Sheria ni sheria, Apenisa," akaondoka.

Mwezi uliopita mjukuu wangu kaandika vilevile akapewa tiki, nikaenda shuleni nimefura, mwalimu wake akanifungulia kitabu, "Babu, njia zote mbili ni sawa, tangu zamani," Shangazi, nikamkumbuka yule binti. Vilimaina sasa anauza mihogo sokoni, akiniona anaita, "Mwalimu wee, unapita kama hunijui? Njoo nikuongeze!" na ananiongezea kweli, nami ile mihogo siwezi kuila. Apenisa alishafariki. Nimemwandikia binti barua ya kuomba radhi, kurasa nne, kwa Kiingereza safi, nimpe mpwa wangu aipeleke, au ninyamaze nife nalo?

Mwalimu wa Tailevu

Mwalimu, pole, lakini sikufichi, umeniudhi. Kutojua si dhambi. Baba wa watu kaja mlangoni kwako, na wewe hata kitabu hukufungua! Leo unataka kumwomba radhi mwanawe kwa Kiingereza kilekile ulichomkatia, tena kwa mkono wa mpwa? Huoni haya?

Ichane hiyo barua. Tafuta jino la nyangumi, lile la heshima tunalotoa tukiomba msamaha, nenda na kaka yako nyumbani kwake, si sokoni mbele ya wateja ambako ataona aibu kukukatalia. Kaa chini karibu na mlango, useme kwa lugha yetu kwamba ulikosea. Mtaje Apenisa kwa jina. Sarufi usimweleze, hajakuuliza. Na machozi yako yabaki kwako.

Chuo hakitarudi, sitakudanganya. Akilipokea hilo jino, shukuru uende zako. Asipolipokea, rudi nalo nyumbani ukae nalo kimya. Yeye amekaa na zile alama mbili miaka kumi na tisa, na bado anakuongezea mihogo.