Baba Anamwita Ngalina

Duka la Kinyozi Baharia,
Mlango wa pili baada ya fundi viatu.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada yangu wa pekee,

Pokea salamu zangu tele, zikizidi ziweke kabatini. Hujambo wewe? Shemeji naye hajambo? Na wapwa zangu, bado wanacheka kama mjomba wao au mmeshawafundisha adabu? Naomba baridi ya huko isikumalize mgongo. Mimi mwili mzima, ila raha sina, na sababu utaikuta huko chini.

Kazi inaenda. Unajua mimi si mtu wa kujisifu, lakini mtaa huu hauna mkono unaochonga ndevu kama wangu. Mtu aliyepika chai melini, akatukanwa kwa lugha ambazo walimu wetu hawajawahi kuzisikia na akazijibu zote, atashindwaje na kichwa cha karani?

Jambo la ajabu ni hili: ile santuri ya Baba imefufuka. Ile ya wale vijana waliochukua nyimbo za kulimia za bibi zao wakazitia magitaa ya umeme. Niliipeleka dukani pamoja na gramafoni yake nipoteze mawazo, na sasa wateja hawakai kitini mpaka niiweke. Juzi fundi viatu alichungulia akasema, "Baharia, zima hiyo. Wote waliopiga humo ni marehemu." Kijana mmoja wa chuo, povu limemjaa shavuni, akamjibu, "Wamekufa lakini wanasikika, mzee. Wa kwetu wako hai na hawasikiki." Fundi akarudi kwenye soli zake.

Mimi shule niliiacha njiani, lakini masikio yangu yamesoma. Wale jamaa hawakuwa na haraka. Gitaa linaingia limechelewa, kama mgeni anayejua kwamba atangojwa. Mwimbaji mwenyewe hana sauti nzuri. Anaimba kama jirani anayefua nguo huku amepata habari mbaya. Ukiwa na huzuni hakuambii unyamaze, anakusogezea nafasi ukae. Ndiyo maana haichuji.

Sasa Baba. Nilikuandikia kwamba kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Ukanijibu kwamba unamwombea, lakini hutakanyaga hapa mpaka akuite mwenyewe kwa kinywa chake, kwa sababu siku uliyoondoka kwenda ng'ambo alijifungia chumbani akakataa hata kukuaga. Sikukulaumu. Mzee alikosea, na shingo yake tunaijua. Tangu siku ile jina lako hakulitaja, ukizungumziwa alisema "yule wenu."

Daktari amemrudisha nyumbani. Ukisikia wanamrudisha mgonjwa na hawaandiki dawa mpya, umeelewa. Anayemwuguza ni Mama Mdogo. Maneno yote yamemtoka Baba, limebaki moja. Analisema akigeuzwa, akinyweshwa uji, akitazama mlango: "Ngalina."

Mama Mdogo, kwa kuwa hakuishi nasi tukiwa wadogo, alikuja dukani amevimba. "Baba yenu ana hawara," akaniambia mbele ya wateja. "Marehemu dada yangu alimpikia maisha yake yote, leo anakufa anamwita Ngalina. Akitia mguu pale, nammwagia maji ya vyombo."

Nilicheka mpaka nikaweka wembe chini, kisha kicheko kikanikauka.

Nikamweleza. Kwamba kwenye wimbo ule wa tatu, mwimbaji anaposema "ningali nakungoja," santuri ina mkwaruzo, sindano inakwama: ngalina, ngalina, ngalina. Kwamba sisi watoto tulidhani ni jina la mwanamke anayengojwa. Kwamba wewe ulikuwa unacheza hapo hapo penye mkwaruzo, ukilia mtu akitaka kuisogeza sindano, na Baba akakubandika jina hilo. Mama Mdogo alirudi nyumbani, na nilipofika nilimkuta anafagia kile chumba chako.

Lakini nilikuwa na shaka, dada. Mzee aliipenda ile santuri kuliko alivyotupenda baadhi yetu, na mimi naijua nafasi yangu. Labda anataka wimbo tu. Sikutaka nikuvushe bahari kwa ajili ya wimbo.

Basi nikaanza na simu. Yule kijana wa chuo alinitafutia nakala safi, isiyo na doa. "Ningali nakungoja" ikapita moja kwa moja kama gari lisilosimama kituoni. Baba akageuza uso ukutani.

Kesho yake nikabeba gramafoni. Wimbo ukaanza, ukafika pale, ukakwama. Kidole chake cha mkono mzima kikawa kinagonga blanketi. Nikauacha ukwame mpaka Mama Mdogo akatoka nje na pindo la kanga mdomoni. Kisha nikainua sindano. Nikajiambia, sasa ametosheka.

Akatazama mlango. "Ngalina."

Nikamwambia, "Baba, wimbo umekwisha." Akatikisa kichwa, kwa hasira yake ile ile unayoijua. Nikamwuliza, "Unamtaka mtoto?" Akafumba macho, machozi yakapita pembeni yakaingia sikioni. Nilimfuta kwa taulo la dukani, ndilo lililokuwa begani.

Kwa hiyo, dada, ulisema akuite kwa kinywa chake. Kinywa chenyewe kimepinda na kimebakiwa na neno moja, na hilo ndilo analokuitia. Usiniandikie kwamba utakuja likizo. Mimi ninayetania kila kitu, hili silitanii: njoo sasa, anapumua bado.

Nisalimie Shemeji, na umwambie akuachie uje. Wabusu wapwa zangu. Mama Mdogo anakusalimu na anasema shuka zako ameshazitandika. Fundi viatu naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Mungu akushike mkono njiani na akufungulie kila mlango mpaka huu wa kwetu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukininunia,

Baharia