Jibu la Jumatano

Pepa, 12 Juni 2024

Mwanangu Padri Bertin,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwa baridi ya huku juu. Kikohozi chako kimeisha? Naandika kwa sababu simu hazishiki tangu Pasaka, na maneno haya sitaki yapite kinywani mwa mtu.

Unakumbuka barua uliyoisoma redioni Jumatano iliyopita, katika kipindi chako cha Maswali ya Roho? Ya mwanamke asiye na jina, aliyezaa kabla ya ndoa akamficha mumewe. Ulijibu haraka, wimbo ulikuwa unasubiri: “Mama, mwambie mume wako juma hili hili. Mume Mkristo hatakufukuza.”

Mwanamke yule ni dada yako Éliane. Mtoto yuko Kabalo kwa shangazi yenu Clémence. Wewe ulikuwa seminarini, nami nikanyamaza. Barua alimwandikisha mtu mwingine ili usijue mwandiko wake. Alitaka kumuuliza padri, si kaka.

Alikutii. Mumewe Emile akamuuliza, “Ule mutoto njo wa nani?” kisha akamtoa nje. Watoto watatu amebaki nao. Éliane yuko kwangu, hataki chakula. Nina hasira nawe, mwanangu, na nina hasira na mimi mwenyewe.

Mama yako,
Odile

Kalemie, 22 Juni 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako iliingia jana na boti ya Moba. Kikohozi kimeisha, na usingizi umeisha nao.

Nilimjibu dada yangu kwa dakika nne. Napata barua thelathini kwa juma, Mama, nazipanga mbele ya mikrofoni nizimalize. Nimesikiliza tena kipindi kile na naona aibu: mwishoni namtakia Jumatano njema. Kwa nini hukuniambia habari za Kabalo?

Nilikosea redioni, nitajirekebisha redioni, Jumatano hii. Emile hakosi kipindi, atanisikia.

Mwanao,
Bertin

Pepa, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Goti limepoa. Jibu lako halijafika, lakini nina habari njema, sikuweza kungoja. Leo baada ya misa Emile alikuja, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako. Kisha akasema: “Arudi mavuno ya maharagi ikiisha. Lakini muntu asijue. Watu wakianza kunicheka, njo mwisho.”

Pepa yote inaamini Éliane alikuja kuniuguza. Leo amekula. Basi wewe usimwandikie Emile, wala usiseme popote. Ukitaka kusaidia, panda boti uje umwone dada yako.

Mama yako,
Odile

Kalemie, 27 Juni 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Barua yako imefika leo asubuhi. Nilisema jana.

Sikutaja jina wala Pepa. Nilisema tu kwamba mwanamke niliyemjibu vibaya ni mtoto wa mama yangu, ili watu waone naomba radhi kwa moyo. Wasikilizaji walipiga simu kunisifu, mmoja alilia. Nami nilifurahi, siwezi kukuficha. Nililala vizuri. Leo ndipo nimekumbuka kwamba una binti mmoja tu.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Bertin

Pepa, 10 Julai 2024

Bertin,

Mimi mzima wa mwili.

Redio ilikuwa imewashwa dukani kwa Jovial, watu wamejaa. Kabla hujamaliza walikuwa wanatazama njia ya kwangu. Kesho yake dada ya Emile alileta vitenge vya Éliane ndani ya beseni, vimekunjwa vizuri. Emile alivikunja mwenyewe, na hapo ndipo Éliane alipolia.

Ijumaa aliondoka kwenda Kabalo, kwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto ana miaka kumi na minne, na Clémence ndiye anayemwita mama. Gari lilipita mbele ya nyumba ya Emile. Hakuwazuia wale watoto watatu kupunga mkono.

Nilimuuliza Éliane nikuambie nini. Akasema, “Mumuambie sina kasirani. Lakini asinisalimie kwa redio.”

Njia ya Kabalo unaijua. Ukifika, mwache aongee mpaka amalize.

Mama yenu,
Odile