Sanduku la Prosesa la Baba Mkwe

Shoga upo? Nimejifungia jikoni.

Baba mkwe kafungua sanduku. LILE sanduku!

Si unajua mzee Khalfani alikuwa mlanguzi enzi za sukari ya foleni? Anaficha mzigo mpaka uadimike. Basi mwaka tisini na tano akatoa bandarini Kurasini prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kali kuliko zote mjini, naye akazificha vilevile. Anasubiri ziadimike! Kila mwaka zinaingia kali zaidi, yeye anasema tu, "Wenye viwanda watachoka."

Leo kasikia redioni eti viwanda vitaacha kuunda prosesa kali za kompyuta za mezani. Tetesi tu, shoga! Mzee kalivuta sanduku uvunguni, anapiga kelele: "Nilisema watachoka! Sikusema?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, baba, hizi hata kompyuta za kuzitia hazipo tena.

Akaipapasa moja kwa kidole, taratibu.

"Hazipo kabisa?"

"Hazipo, baba."

Shoga, mzee akatabasamu! "Basi zimeadimika."

Kafunga kufuli. Ufunguo kanipa mie, kasema nisiwe na haraka ya kuuza.