Mulango Niliyofunga Mi Mwenyewe

Siku ya posho, 2 Mars 1957

Uji. Hesabu na bana ya mwaka wa kwanza. Mvua toka jana, daftari zote zinanuka unyevu. Saa kumi nilifunga mulango ya cercle, kikao yetu ya kusemezana, kama kawaida.

Niandike ginsi tunafanyaka, mbele sijaanza kujidanganya. Masomo yetu hapa Baraka, ile shule, ni ya Leta, ya serikali, haiko ya Bapadri. Directeur aliruhusu: kila siku ya posho, mwisho wa juma, banafunzi benye banasomea kazi ya monitere, kufundisha bana, bakutane mu salle, chumba ya masomo, basemezane neno lolote. Mi njo mukubwa wa cercle. Ninaweka muti ya kukinga nyuma ya mulango, ninasema: «Mulango imefungwa.» Bote banaitika: «Maneno ibaki.» Toka pale neno haitoke inje. Ile kanuni ni yangu. Niliapa mbele yabo mwaka jana, mukono juu.

Leo Wilondja alisema. Miaka kumi na tisa, baba yake mulimaji ku njia ya Fizi. Alisema juu ya pamba. Agronome, Muzungu wa mashamba, anakuya na kamba, anapima shamba, hapa utapanda pamba, muhogo ngoja. Majani ikiota mu pamba, mwenye shamba anaenda gereza. Wilondja aliuliza: «Kama ile pamba ni faida yetu, fimbo ni ya nini?»

Bote bakapiga miguu chini mupaka vumbi ikapanda.

Nilisikia woga. Na wivu. Nina miaka makumi ine na saba, ile neno sijaisema hata siku moja.

Siku ya tatu, 6 Mars

Ile miguu walisikia mupaka ku bureau. Administrateur, mukubwa wa Leta, alishuka toka Fizi. Directeur hayuko, iko Bukavu. Basi nikaitwa mi.

Juu ya meza kulikuwa karatasi zangu za karte ya mérite. Miaka mbili naomba ile karte. Mwenye iko nayo hapigwe fimbo. Policier anamuita monsieur. Bibi yangu Yosefina alisha kununua vijiko juu ya siku ya commission, bale benye banakagua nyumba.

Aliuliza nani alisema maneno ya pamba. Sikujibu. Nilijisikia mwanaume. Ile haikudumu.

Hakunitisha. Angenitisha, leo ningekuwa na kitu ya kusema. Alisema tu: siku ya posho funga mulango yako kama kawaida. Nyuma ya salle kuko depot ya majembe na mbegu ya pamba, mukeka tu njo inatenganisha. Karani na policier moja batakaa mule. «We kazi yako ni mulango.»

Nilisema: Ndiyo, Bwana. Kisha nikasema tena, hata hakuuliza.

Siku ya posho, 9 Mars

Niandike yote.

Niliweka muti. Nilisema yangu, baliitika yabo. Mutoto moja alisoma juu ya malaria. Mwingine juu ya mupira. Wilondja alikuwa anakohoa, amejifunga kipande ya blanketi ku shingo. Nilimuuliza kama hana neno. Akasema: «Leo hapana, Baba Filipo. Leo mi nasikiliza tu.»

Ingeishia pale. Karani angerudi mikono mitupu na mi ningekuwa nimefanya yenye niliambiwa. Ningeweza kunyamaza.

Nikasema: «Bandugu, muone. Simba ya pamba imekuwa paka ya kukohoa.»

Balicheka bote. Yeye pia alicheka. Alisimama.

Alisema muzuri kupita siku ile ya kwanza. Alitaja agronome na jina yake. Alitaja Administrateur. Alisema mama yake alilima pamba na mimba ya miezi munane, na mutoto hakuishi. Alisema monitere mwenye hawezi kusema kweli mbele ya bana, afazali aende kuchunga mbuzi, mbuzi haiulize kitu. Kisha akanionyesha na kidole: «Hata Baba Filipo anajua.»

Nyuma ya mukeka mutu akapiga chafya. Vumbi ya mbegu.

Bote bakageuka. Wilondja aliangalia mukeka, akaniangalia mi, akaangalia mulango. Alifanya hatua mbili. Muti ilikuwa pahali pake, nzito, niliisukuma vizuri mi mwenyewe. Policier akatoka nyuma ya mukeka, akamushika mikono yake ikiwa juu ya ile muti.

Siku ya yenga, 10 Mars

Kanisa. Niliimba. Yosefina alisugua vijiko na majivu. Hajui.

Nililala muzuri. Naandika juu ni kweli.

Siku ya tatu, 13 Mars

Batu ya cercle bote baliitwa ku gereza, mustari mbili. Loi, sheria ya Leta, inasema fimbo ine, haipite. Wilondja alilazwa chini, suruali imeshushwa, mbele ya benzake. Administrateur akauliza nani anafundisha hesabu. Nikatoka mu mustari.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa sauti.

Moja. Mbili. Tatu. Pale agronome akasema ya tatu haikushika, policier iko na huruma, turudilie. Administrateur alikuwa anawasha sigara. Nikasema tatu tena. Nikasema ine.

Alipigwa tano. Kinywa yangu ilifanya zikuwe ine.

Hakulia. Ku fimbo ya mwisho alijikojolea. Agronome alicheka na akaniangalia ili nicheke naye. Nilicheka kidogo.

Siku ya tano, 15 Mars

Baba ya Wilondja alikuya nyumbani. Muzee mufupi, matope mupaka magoti, ametembea toka asubui. Analeta kikapo ya ndagala, samaki kadogo ya kukauka. Haangaliake mutu mu macho. Alisema: «Monitere, mutoto anakutajaka sana. Anasema we njo unabafungulia kinywa.» Anataka nimuandikie barua kwa Administrateur, mutoto afunguliwe. Yeye hajue kuandika.

Banafunzi bengine hawajamuambia juu ya mukeka. Ao baliogopa, ao walimuonea huruma. Mi nilishukuru.

Niliandika. Kifaransa ya muzuri. Niliweka mule: mutoto iko na adabu, alidanganywa na mutu mukubwa. Sikuandika mutu gani. Muzee alitia kidole mu wino, akabonyeza chini ya jina yake, akapuliza ikauke. Akanishika mukono na mikono yake mbili. Wino yake ilibaki ku kiganja yangu.

Yosefina alikaanga zile ndagala na pilipili. Zilikuwa tamu. Nilikula na bukari, ugali yetu, mara mbili.

Siku ya tatu, 20 Mars

Commission ilikuya. Walihesabu vijiko, waliangalia choo. Karte walinipa pale pale. Yosefina alipiga kigelegele, majirani baliingia. Karani wa depot alikuwa mule. Aliniita monsieur na meno yote inje.

Jibu ya barua pia. Hapana. Wilondja amefukuzwa mu masomo yote ya Leta. Anapelekwa upande wa Kasongo, kazi ya barabara, mupaka watakapotaka. Camion ya mizigo ilipita mbele ya masomo saa sita, bana wakiwa mu cour, kiwanja ya michezo. Alikuwa amekaa juu ya mifuko, ubavu moja, juu hawezi kukaa sawa. Hakunitafuta na macho. Ilikuwa ni kama mulango yetu haiko pale.

Siku ya posho, 23 Mars

Directeur amerudi. Anasema cercle iendelee, basiogope, baseme tu. Ni mutu muzuri. Hajui kitu.

Balikuya bote. Niliweka muti. Nilisema: «Mulango imefungwa.» Hakuna mwenye aliitika.

Nikabaambia. Depot, karte, barua, ndagala. Ile neno ya paka niliisema kusudi. Nilihesabu tano nikaita ine. Nilijishika ku meza. Sikulia, juu sikutaka bafikiri naomba huruma. Lakini niliitaka.

Alimasi, mwenye alikuwa analala kitanda moja na Wilondja, alisimama. Alienda ku mukeka, akaiinua, akaangalia ndani polepole. Akageukia benzake.

«Leo ni majembe tu.»

Balicheka. Kicheko mubaya sana, ya batu benye hawana furaha. Kisha Alimasi akauliza kwa adabu: «Monitere, umemaliza?»

«Nimemaliza.»

«Basi toa muti, tupite.»

Hawaniite tena Baba Filipo.

Siku ya ine, 28 Mars

Nilienda kwa muzee, masaa mane na miguu. Alikuwa anatoa majani mu pamba. Yeye na bibi yake, mistari mbili mbali mbali, bamegeuza mugongo. Nilisimama mu matope na viatu vya commission. Nilimuambia yote. Nilisema na sauti kubwa ili bibi pia asikie.

Jembe haikusimama. Nilifikiri hakusikia, nikaanza kurudilia. Akasema:

«Ndagala ulikula?»

«Nilikula, muzee.»

«Yote?»

«Yote.»

Akaendelea na mustari wake mupaka mwisho. Bibi yake alifika karibu na mi, akangoja nitoke, juu nilikuwa nasimama juu ya pamba. Nikatoka. Akalima pale nilipokuwa.

Siku ya posho, 30 Mars

Mvua imekatika. Saa kumi nilifungua salle. Banafunzi balikaa inje ku ukuta, ku jua. Nilipokuwa mbali nilisikia banasema mingi, wanakatana maneno. Nilipofika karibu wakasema juu ya mupira.

Niliingia. Niliketi ku nafasi yangu. Mulango niliiacha wazi. Karte iko mu mufuko wa shati, inaniwasha ku kifua wakati wa joto.

Nilingoja mupaka saa kumi na mbili. Muti ilikuwa imeegemea ku ukuta. Pale mu katikati, mikono ya batu imeisugua mupaka inangaa.