Joka la Mianzi la Lorraine

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
23 Februari, 2026.

Mpendwa kaka Mutisya,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Na hilo joto la Doha linakuacha ulale? Sisi tu wazima, ila goti la mama humsumbua asubuhi, na ukimuuliza anasema ni baridi tu. Nimeamua kuandika na kumpa Mbaluka anayesafiri kuja huko akuletee, kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza maneno kabla sijafika nusu.

Jambo lenyewe ni lile lile la binti yako. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako wewe liko mpaka jikoni kwangu! Ulisema Lorraine aache ngoma ya Kichina kwa kuwa joka ni la Ibilisi. Basi Jumamosi nilikwenda mwenyewe kuiona. Nilikwenda nimekunja uso, kaka, nikarudi sina sauti kwa vigelegele.

Kwanza nikueleze joka lenyewe lilivyotengenezwa. Mwalimu wao, Adhiambo, aliyejifunza ngoma hiyo alipokuwa akisoma China, alimwomba Mjomba Kimanzi awatengenezee kichwa. Unamjua mjomba na vinyago vyake. Akachonga gogo zima la jakaranda: meno, ndevu, pembe, kazi ya kukufanya ushike mdomo. Siku ya mazoezi vijana walikinyanyua, wakaenda hatua chache, wakakitua. Mmoja akamlilia mwenzake, "Buda, hii kichwa itatuua!" Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Kumbe huko China kichwa husukwa kwa mianzi, kisha huvikwa karatasi na kitambaa, kiwe chepesi. Mjomba alinuna, halafu akaja kukaa nao. Lorraine ndiye aliyepasua mianzi na kufunga mbavu kwa nyuzi. Gundi waliipika kwa unga wa ngano, na sufuria yangu haijapona hadi leo. Mwili ni mashuka makuukuu yaliyopakwa rangi, na magamba ni pakiti za maziwa, upande wa fedha ukiwa nje.

Laiti ungeliona! Lorraine yuko mbele na kichwa, wenzake nyuma, kila mmoja na fimbo yake iliyobeba mwili. Mwenzao mmoja mwenye mpira mwekundu kwenye fimbo anakimbia, joka linamfukuza. Lorraine akiinama, wote wanainama. Akizunguka, mwili mzima unamfuata, na wa mkiani akichelewa kidogo tu joka linajifunga fundo. Halikujifunga. Mtoto huyu, tangu tumzike mama yake, alikuwa akiongea huku ametazama vidole vyake. Jumamosi ukumbi wote ulikuwa ukiliita jina lake. Nilimwonea fahari hata nikalia.

Na huyo Ibilisi wako sikumwona. Kwao joka huchezwa kuomba mvua. Sasa sisi watu wa Kitui, tuliokua tukitazama mawingu yasiyonyesha, tutaanzaje kukataa kitu cha kuombea mvua? Mchungaji wetu alikuwepo, na makofi alipiga.

Mwezi ujao wamealikwa Kisumu. Mimi shangazi yake nilimwambia aende, lawama nitabeba. Yeye ndiye aliyekataa. Amesema hatashika kichwa tena mpaka baba yake amruhusu kwa mdomo wake. Kichwa amepewa msichana mwingine, naye bado hajui kukigeuza. Lorraine anakaa kando akiwapigia ngoma.

Mama, Mjomba Kimanzi na Kamene wanakusalimu. Nisalimie Kiema unayekaa naye. Mungu akulinde kwenye hizo barabara unazoendeshea gari na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jumapili ukipiga simu, sitapokea mimi. Atapokea Lorraine, na hatakuuliza lolote. Anza wewe.

Dada yako akupendaye hata ukikasirika,
Kavutha