Mgeni wa Gari Hasindikizwi

Urambo,
18 Mei 2025

Mpendwa Baba Mdogo Masolwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na Mama Mdogo Gaudensia ameacha kukohoa. Mimi mzima, ila mgongo unalalamikia kila robota la tumbaku ninalobeba hapa ghalani.

Naandika kwa sababu kwenye simu utasema "sawa mwanangu, sawa," halafu unakata.

Mdogo wangu Julieth amenieleza habari za mkutano wa kijiji. Serikali kuu inataka kujenga ghala la nafaka hapo Puge, na eneo waliloliona ni shamba la mama, pamoja na kaburi la baba. Afisa akatumwa asikilize kijiji kwanza. Wewe ndiye mwenyekiti. Akauliza mbele ya watu wote kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Akaandika kwamba kijiji kimeridhia!

Nikamuuliza Julieth, hamkuwa na midomo? Akanijibu, "Kaka, mgeni hata kuku hajamaliza! Tulikuwa tunangoja kumsindikiza."

Baba Mdogo, desturi naijua. Mgeni hapingwi akiwa kwenye kiti. Neno zito huambiwa njiani, mnapomtoa hadi njia panda. Lakini huyu alikuja na gari! Alipanda, akafunga kioo, akapunga mkono. Nasikia ulilikimbilia kwa nyuma na hilo goti lako hadi ukala vumbi, naye akadhani unamshangilia. Sijui nicheke au nilie.

Kinachoniuma, neno mlikuwa nalo, tena zuri. Uwanja wa mnada wa zamani ni wa kijiji, mkubwa, haulimwi na mtu. Serikali ingepata ghala lake, na baba angelala kwake. Mmekaa na jibu mdomoni kama pipi!

Mama tangu siku hiyo anafagia kaburi tu.

Kwa heshima zote nakuomba, mwite yule afisa arudi kabla alichoandika hakijafika juu. Diwani Silasi ana namba yake, usione haya. Ningekuja kusema mwenyewe, lakini nikiondoka msimu huu kibarua kimekwisha.

Akija, kuku abaki bandani. Mama Mdogo atanuna, na anune. Kwanza afisa aandike habari ya uwanja wa mnada, awasomee kwa sauti, wote msikie. Hapo mchinjieni hata wawili, mkamsindikize mpaka Nzega mkitaka.

Nisalimie Mama, Julieth na mdogo wetu Shukrani. Mungu akupe nguvu ya goti, na ya ulimi pia.

Mwanao akupendaye, hata leo nilivyokasirika,
Zablon