Ingobyi ya Liliane

Nyakiriba, Gisenyi
22 Agosti 1999

Mpendwa mdogo wangu Valentin,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu na baridi. Hujambo? Wifi yangu Emmy na watoto hawajambo? Na Mama, miguu yake imepata nafuu, au bado anaisingizia kila akitakiwa kwenda kanisani? Sisi huku tu wazima, Mungu anatulinda. Mume wangu Kayitare anakwenda kazini kwenye ofisi ya komini kila siku, na watoto wanakula kama nzige. Mimi nami sijambo, isipokuwa bega la kulia linaniuma, ndiyo maana mwandiko umelala upande. Usishtuke, si ugonjwa. Sababu yake iko mwishoni, kwa hiyo usiruke kurasa kama kawaida yako.

Yale mapigano mliyokuwa mkiyasikia redioni mwaka jana sasa yametulia. Tunalala usingizi. Viazi vya Mudende vinashuka sokoni kama zamani, nami navipeleka mpakani, pale Petite Barrière wanakovuka akina mama wa Goma. Faida ni ndogo lakini maneno ni mengi, na wewe unajua ninavyopenda maneno.

Cheti cha kuzaliwa cha Liliane ulichokihangaikia huko Karagwe kilifika salama. Ahsante sana, ndugu yangu. Bila hicho mpwa wako asingeweza hata kuomba nafasi ya chuo kikuu. Ila kiliponea chupuchupu kugeuka karatasi ya kufungia karanga, na hilo ndilo ninalotaka kukusimulia.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitueleza habari za ingobyi, ile machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa mabegani? Kwetu huku kilimani hilo ndilo gari. Mgonjwa akizidiwa, majirani wanakuja, wanne wanashika ncha za miti yake, wengine wanafuata ili kupokezana. Na ukikutana nayo njiani, unatua mzigo wako na kushika zamu, hata kama humjui anayebebwa. Tatizo ni kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, na wanaume hapa wamebaki wachache. Sababu unaijua, sina haja ya kuiandika.

Wakati wa mvua za masika, mke wa jirani yetu Hitimana alishikwa na uchungu asubuhi, wabebaji wakapatikana jua likizama. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Liliane alirudi kutoka mazishini hasemi na mtu, nikadhani ni huzuni tu. Kumbe alikuwa anapanga. Jumatatu akaenda kwa Rugema, mkurugenzi wa shule yao, kuomba ruhusa ya kuanzisha klabu ya wabebaji, wavulana kwa wasichana.

Rugema ni mtu wa Goma, mkali, suti yake haijawahi kuona vumbi. Alimwambia, "Bon, Liliane, hapa iko école, haiko hospitali. We unataka kwenda université ya Butare ao unataka kubeba watu?" Mwisho alikubali kwa sharti moja: alama zake zikishuka hata kidogo, klabu inafungwa, na fomu yake ya chuo kikuu haitawekwa sahihi.

Na mimi, Valentin, nilikuwa upande wa Rugema. Binti kubeba ingobyi! Tena alikuwa na kwaya, na mpira wa wavu, na mitihani ya mwisho mlangoni. Nikamwambia mshika mawili moja humponyoka. Akanijibu, "Mama, ndiyo maana ingobyi inashikwa na watu wanne." Ulimi huo kaurithi kwa mjomba wake, usinitazame mimi.

Mpira wa wavu aliuacha, kwaya akabaki nayo. Masomo walisomea njiani: aliye mbele anauliza swali, wa nyuma wanajibu, hatua kwa hatua mpaka kituo cha afya. Mzee Evode waliyembeba na homa yake analalamika mpaka leo. "Bale batoto banasoma kama redio," anasema. "Mi nilifika kwa muganga nikiwa najua kazi yote ya figo, lakini homa yangu hakuna mutu aliiuliza." Alama hazikushuka. Ya bayolojia ilipanda.

Ikafika siku ya mwisho ya kupeleka maombi. Rugema alikuwa ayapeleke mjini mwenyewe kwa pikipiki, na ofisi ilikuwa ifungwe adhuhuri. Liliane alitoka nyumbani na cheti chako amekificha ndani ya sweta, maana mvua ilikuwa inanyesha, ili fomu yake isainiwe. Njiani akaitwa. Mukasine wa ng'ambo ya kijito alikuwa na uchungu, na wabebaji walikuwa watatu.

Mimi ningefanya nini? Sijui. Yeye alishika ncha ya nne.

Rugema alisubiri shuleni mpaka akachoka, akaondoka bila yeye, na maombi ya wenzake wote kwenye mkoba. Kwenye mteremko akaiona ingobyi inakuja, wabebaji wana matope hadi magotini, na mwanafunzi wake yuko mbele. Angeweza kupita. Pikipiki haimchukui mwanamke mwenye uchungu, na muda ulikuwa unamkimbia. Aliegesha pikipiki, akavua koti la suti akamfunika Mukasine, akaingiza bega lake.

Mukasine alijifungua mtoto wa kike muda si mrefu baada ya kufikishwa. Rugema aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akapokea cheti kilicholowa pembeni, akasaini fomu na kugonga muhuri. Huo muhuri nadhani anaoga nao. Kisha akarudi mbio kwa miguu kuifuata pikipiki.

Alipofika mjini karani alikuwa tayari anafunga. Akamwambia amechelewa, arudi mwakani. Rugema, na shati lake lile la matope, alisema tu, "Nimekutana na ingobyi." Yule karani akamtazama miguu, akafungua mlango tena. Hayo kayaeleza Rugema mwenyewe mbele ya wazazi wote, na mimi nililia hadharani bila aibu.

Jina limetoka, Valentin! Liliane wetu anakwenda Butare kusomea udaktari! Nilipiga vigelegele hadi Kayitare akafunga dirisha, kisha nikamsikia naye anapiga mluzi jikoni. Najivuna na ninajua ninajivuna. Ukiona watu wa Karagwe wamechoka kusikia habari hii, waambie mara moja zaidi kwa niaba yangu.

Sasa bega. Juzi natoka sokoni, kikapu kichwani, nikakutana na klabu ikimshusha mama mmoja mgonjwa. Liliane alikuwa mbele. Nyuma yake msichana mwembamba alikuwa anayumba, na wa kumpokea hayupo. Binti yangu hakuniita. Aligeuza kichwa, akaniona, akaendelea kutembea polepole kidogo.

Nikatua kikapu. Tangu nizaliwe sijawahi kushika mti wa ingobyi, na ni mzito kuliko wanaume wanavyojifanya. Nilikwenda nyuma yake njia yote nikitazama kisogo chake, nikawaza kwamba mwezi wa kumi, akienda Butare, nafasi ile ya mbele itakuwa wazi. Tulipofika nikamuuliza nani atakuwa mahali pake. Akasema, "Nimeshamwandika mtu." Akanitajia jina langu.

Msalimie sana Mama, mwambie mjukuu wake atakuja kumpima miguu, hapo hataponyoka. Msalimie wifi Emmy, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake na awape mvua ya kutosha. Nawe ukija kututembelea, njoo na viatu vya kutembelea.

Dada yako akupendaye, mbebaji mpya wa Nyakiriba,
Verediane Mukankusi